Mto Usio na Maji: Kumbukumbu za Safari ya Milima ya Flinders

Huenda msomaji wa jarida hili akauliza safari ya siku sita katika mashamba na nyika za Australia Kusini ina uhusiano gani na uhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Swali hilo ni la haki, nami nimejiuliza mara kadhaa kabla ya kushika kalamu. Jibu nililo nalo si la kinadharia. Safari hiyo niliifanya na rafiki ambaye zamani niliuhakiki mswada wake wa riwaya, na ambaye baada ya uhakiki huo hakumpelekea tena mchapishaji yeyote kazi ya Kiswahili. Kwa miaka kumi na mitatu niliamini kwamba hakujua mhakiki alikuwa nani.

Inafaa niseme machache kuhusu mswada wenyewe. Mimi na yeye tuliingia chuo kikuu pamoja mwaka 1998. Yeye amenizidi miaka miwili, kwa hiyo nilimwita dada na mpaka leo ndivyo ninavyomwita. Naye, tangu nilipohitimu shahada ya uzamifu, huniita Daktari, na sauti anayolitamkia neno hilo hubadilika kwa kadiri ya hali ya moyo wake. Mwaka 2010 mchapishaji mmoja aliniletea mswada usio na jina la mwandishi ili niutolee maoni. Nilipofika ukurasa wa tatu nilikuwa nimekwisha kumtambua, kwa kuwa kisa chenyewe alikuwa akitusimulia bwenini: familia inatoka katika vilima vya Ukambani, inateremkia nchi kavu kwa sababu mvua imenyesha vizuri miaka mitatu mfululizo, inalima, inajenga, inavuna, kisha ukame unaikumba. Ilinipasa kuurudisha mswada siku ile ile na kueleza kwamba mwandishi ni rafiki yangu. Sikufanya hivyo. Nilijiambia kwamba mhakiki mwaminifu hamwonei haya jamaa yake, nikaandika kurasa mbili kali.

Lalamiko langu kuu lilihusu mandhari. Palikuwa na sura nzima, kurasa kumi na moja, iliyoeleza mto wa mchanga wakati wa kiangazi: rangi ya mchanga asubuhi, miti ya ukingoni, jinsi mwanamke anavyojua mahali pa kuchimba, kina cha shimo mwezi wa Agosti na kina chake mwezi wa Oktoba. Hakuna aliyezaliwa katika sura hiyo, hakuna aliyekufa, hakuna hata aliyegombana na mwenziwe. Niliandika kwamba mandhari imemeza hadithi, nikapendekeza kurasa hizo kumi na moja zigeuzwe kuwa aya moja. Nilikuwa nikifuata nilivyofunzwa, na nilivyowafunza wengine: mandhari ni mahali na wakati wa matukio, jukwaa ambalo wahusika hulipanda ili watende. Jukwaa likishajengwa, fundi na aondoke.

Rafiki yangu alihamia Adelaide na mumewe mwaka 2013, na huko ni muuguzi katika makao ya wazee. Septemba 2023 nilialikwa katika mji huo kwenye mkutano wa siku nne wa wasomi wa fasihi. Juu ya mkutano sina la kusema. Siku ulipokwisha alikuja kunichukua hotelini kwa gari aliloliazima kwa mfanyakazi mwenzake, lile la kupanda milima na kuvuka mito, na akaniambia kwamba ameomba likizo ili anionyeshe "nchi ambayo ungeichukia ukiisoma."

Nilicheka. Sikulitia maanani neno "ukiisoma."

Nyuma ya gari palikuwa na hema, mifuko ya kulalia, jiko la gesi, madumu matatu ya maji, tairi mbili za akiba na sanduku la chakula: unga wa mahindi, maharagwe, sukuma wiki ya bustani yake, na majani ya chai niliyotoka nayo Nairobi. Kuni tulizinunua njiani, maana katika hifadhi ya taifa hairuhusiwi kuokota hata kijiti. Mimi ni mtu wa maktaba, na usiku wangu wa mwisho kulala hemani ulikuwa wa zamani sana, tena wa lazima. Yeye aliikunja kamba, akakaza mkanda, akapima upepo wa tairi kama mtu aliyezaliwa safarini. Alinieleza kwamba mwaka wake wa kwanza katika nchi ile, upweke ulipomzidi, alianza kuendesha gari kuelekea kaskazini kila alipopata siku mbili za mapumziko, bila kujua anatafuta nini.

Kutoka Adelaide hadi Wilpena, tulikokuwa tukienda, ni zaidi ya kilomita 400. Karibu na Clare kuna mizabibu, kisha ngano, na ngano tena, kijani mpaka macho yachoke. Barabara zile zina adabu yake. Gari likija mbele yako, dereva huinua kidole kimoja tu kutoka kwenye usukani, nawe huna budi kuinua chako. Hawapunguzi mwendo wala hawatabasamu. Rafiki yangu aliitikia salamu hizo bila kukatiza mazungumzo, kama vile watu wa kwetu wanavyojibu hodi huku wakiendelea kupepeta mchele.

Karibu na Melrose, mji mdogo chini ya mlima uitwao Mount Remarkable, alisimamisha gari akaniambia, "Hapa ndipo mstari unapopita." Sikuona mstari wowote. Ndipo akanieleza habari za George Goyder, mkuu wa wapimaji ardhi wa koloni la Australia Kusini. Mwaka 1865, wakati wa ukame mkubwa, Goyder alipanda farasi akazunguka nchi ile ili kujua ukame umefika wapi. Kumbukumbu za mvua zilikuwa chache mno, kwa hiyo alisoma mimea. Pale mikaratusi mifupi iitwayo mallee ilipokoma, na vichaka vya kijivu vinavyostahimili chumvi vikaanza, alitia alama. Alama hizo zikaungwa kuwa mstari: kusini yake mkulima anaweza kuitegemea mvua, kaskazini yake asithubutu. Baadaye vipimo vya mvua vilionyesha kwamba mstari huo karibu unafuatana na kiwango cha milimita 250 kwa mwaka.

Kisha mvua ikanyesha vizuri miaka kadhaa. Wakulima wakamcheka Goyder, wakaidai ardhi ya kaskazini, na mwaka 1874 serikali ikaliondoa katazo hilo. Palikuwa na msemo ulioenea wakati huo kwamba mvua hulifuata jembe: ukilima, itakuja. Miji ikapimwa, makanisa ya mawe yakajengwa, ngano ikavunwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 ukame ukarudi, na watu wakaacha nyumba na milango yake.

Nilimsikiliza nikiwa na wasiwasi ambao sikutaka kuuonyesha. Kisa hicho nilikuwa nimekwisha kukisoma, katika mswada wa mashine uliofungwa kwa uzi, na familia iliyokuwamo ilikuwa ya Kikamba.

Tukapita Wilmington, tukapita Quorn. Madirishani mwa maduka palikuwa na mabango ya Ndiyo na ya La, kwa kuwa majuma machache baadaye, tarehe 14 Oktoba 2023, wananchi wangepiga kura kuamua kama wenyeji asilia wa nchi hiyo wapewe chombo cha kulishauri bunge. Walikataa. Baada ya Quorn kuna uwanda mpana uitwao Willochra. Mashamba yanakoma. Kuna nyasi fupi, udongo mwekundu, na hapa na pale ukuta wa mawe usio na paa, na dohari lililobaki limesimama peke yake. Tulikwenda kwa muda mrefu bila kusema. Nadhani nilikuwa nimechoka. Nikasema, kwa namna mtu anavyosema ili kuvunja ukimya, "Hapa hapana kitu."

Alipunguza mwendo, akatoka barabarani, akazima gari.

"Hapana kitu?"

"Nina maana kwamba hapana watu, dada. Hapana..."

"Mandhari imemeza hadithi," alisema.

Niliyasikia maneno hayo na nikayatambua kabla sijaelewa nani ameyasema. Yeye hakunitazama, alikuwa akiutazama uwanda.

"Ulikuwa ukiyasema bwenini tangu mwaka wa pili," aliendelea. "Kila riwaya uliyochoka kuisoma, mandhari imemeza hadithi. Mchapishaji aliponipa ile ripoti isiyo na jina, niliisoma mstari wa kwanza nikaweka maji ya chai jikoni. Nilijua ni wewe, Daktari, na nilijua itakuwa ndefu."

Nimewahi kukaa mbele ya jopo la watahini watano na sikukosa la kujibu. Pale ndani ya gari nilikosa. Nilisema kwamba nilikusudia kumsaidia. Ilikuwa kweli kwa kiasi, nayo ni kweli ya aina inayomwudhi anayeambiwa. Alishuka, akafunga mlango taratibu, akaniambia nivae kofia, jua la huko ni kali hata likiwa baridi.

Mbele kidogo kuna magofu ya Kanyaka. Palikuwa na zizi kubwa la mifugo lililoanzishwa na kijana aliyeitwa Hugh Proby. Mwaka 1852 alipokuwa akivuka mto Willochra, mafuriko ya ghafla yalimchukua akafa. Zizi likaendelea bila yeye, likawa na nyumba za mawe za kukaa familia nyingi, kisha ukame wa miaka ya 1860 ukawaua kondoo kwa maelfu, na hatimaye watu wakaondoka. Mto wenyewe tulikuwa tumeuvuka nisijue. Nilikuwa nimeona mchanga na mawe tu, nikapita. Rafiki yangu aliniongoza hadi kwenye mkondo mkavu ulio karibu na magofu, ambako mikaratusi mikubwa imeota katikati ya njia ya maji. Sisi tunaijua mikaratusi kama mti wa nguzo, umepandwa kwa safu kando ya reli na kwenye mashamba ya majanichai, umenyooka kama askari wa gwaride. Pale ilikuwa nyumbani kwake: imepinda, imechanika, shina lake pana kuliko mlango wa kanisa. Aliniambia nisikae chini yake, kwa kuwa hudondosha matawi bila upepo wala onyo. Kisha akachuchumaa ukingoni, pale mkondo unapokata kona, akauweka mkono wake juu ya mchanga.

"Ingekuwa kwetu ningechimba hapa," alisema. "Hapa, si pale. Unajua kwa nini?"

Nilijua. Ilikuwa katika ukurasa wa tano au wa sita wa ile sura. Maji hujificha upande wa nje wa kona, penye jiwe chini linaloyazuia. Nilimjibu hivyo.

"Kumbe uliisoma," alisema, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote yaliyosemwa siku ile.

Tangu hapo nimeyafikiri sana yale maneno yangu, "hapana kitu." Katika nchi ile yana historia ambayo sikuihesabu nilipoyatamka. Walowezi waliichukua nchi hiyo kana kwamba haikuwa na mwenyewe, na ilikuwa hadi tarehe 3 Juni 1992, katika kesi ya Mabo, ndipo mahakama kuu ya Australia ilipoikataa dhana hiyo. Watu wa milima ya Flinders, Wa-Adnyamathanha, ambao jina lao lina maana ya watu wa miamba, walithibitishiwa haki yao ya asili juu ya sehemu kubwa ya milima hiyo mwaka 2009. Sitaki kulinganisha ripoti ya kurasa mbili na unyang'anyi wa bara zima. Ulinganishi huo ungekuwa wa kipuuzi, tena ungenipa ukubwa nisiostahili. Nasema tu kwamba macho yaliyoupita mto ule yalikuwa yamezoeshwa darasani.

Usiku tulipiga hema Wilpena. Baridi ilikuwa kali, nami sikujua kwamba nchi iliyosifika kwa joto ingeweza kugandisha maji ndani ya birika. Alisonga ugali kwenye jiko la gesi, mimi nikakata sukuma nikiwa nimevaa glavu. Tulipokwisha kula nilimwomba radhi, kwa maneno niliyokuwa nimeyapanga tangu alasiri. Nilisema kwamba nilikuwa nimemnyang'anya uandishi.

"Usijitukuze," alinijibu. "Hukuninyang'anya kitu. Naandika. Usiku wa zamu wazee wakilala, naandika."

"Mbona hukunionyesha?"

"Kwa sababu ni Kikamba, na wewe Kikamba hukijui. Nilikichagua kwa hiyo."

Katika somo la riwaya mimi huwasomesha wanafunzi *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka* ya Aniceti Kitereza. Aliikamilisha kwa Kikerewe mwaka 1945, na haikuchapishwa kwa Kiswahili hadi mwaka 1980, yeye akiwa mzee sana. Ni kitabu ambamo mtu akienda kuvua samaki utaelezwa mtego, na akienda porini utaelezwa mti. Kila mwaka wanafunzi hulalamika kwamba msuko umelegea, na kila mwaka huwaambia, kwa sauti ya mtu mwenye subira, kwamba Kitereza alikuwa akihifadhi ulimwengu ambao aliuona ukitoweka. Nilikuwa nikiyasema hayo mwaka 2010 pia. Nafikiri niliisema ile hotuba juma lile lile nilipoandika ripoti. Kitereza alikuwa ndani ya muhtasari wa kozi, kwa hiyo mandhari yake ilikuwa na kazi. Mswada usio na jina haukuwa na wa kuutetea.

Siku mbili zilizofuata tulitembea kwa miguu. Wilpena ni bonde lililozungukwa na ukuta wa milima pande zote, lenye urefu wa kilomita 17 hivi na upana wa 8, na ukiwa ndani unajiona kama uko kwenye kiganja kilichokunjwa nusu. Wa-Adnyamathanha wanaliita Ikara, yaani mahali pa kukutania, na tangu mwaka 2016 jina hilo limetangulizwa katika jina rasmi la hifadhi. Mwongoza wageni mmoja, mwanamume wa kabila hilo, alitusimulia kwa ufupi jinsi watu walivyokusanyika pale kwa sherehe, na jinsi majoka mawili, Akurra, yalivyowazunguka na kuwala. Kuta za milima ni miili ya majoka hayo. Kilele kirefu kuliko vyote, Ngarri Mudlanha, ambacho ramani za wazungu zilikiita St Mary, ni kichwa cha mojawapo, na wenyeji huwaomba wageni wasikipande. Alisema zipo sehemu za kisa hicho ambazo hazisimuliwi mbele ya kila mtu, na akaishia hapo.

Ulimi ulinicheza. Nilitaka kusema, kama ningalivyosema darasani, kwamba hapa mandhari imekuwa mhusika. Nilinyamaza, na sijutii. Msimulizi yule hakuwa akitumia mbinu. Alikuwa akitueleza tumesimama juu ya nini, na tusikanyage wapi.

Ndani ya bonde hilo kuna nyumba ndogo ya familia ya akina Hill, waliojaribu kulima ngano humo mwanzoni mwa karne ya ishirini. Walikata barabara kwenye korongo kwa jasho lao, na mwaka 1914 mafuriko yakaizoa. Wakaondoka. Rafiki yangu alikaa kizingitini kwa muda mrefu kuliko alivyokaa mahali pengine popote. Nilipomwuliza anawaza nini alisema nyanya yake aliwahi kumwambia kwamba ukame hauondoi watu siku unapoanza. Huwaondoa siku mtu wa kwanza anapoichukua milango yake.

Bonde la Brachina, lenye miamba ya mamia ya mamilioni ya miaka, tulilipita kwa gari siku ya nne. Wataalamu wa miamba wanaliheshimu sana, kwa kuwa ni katika eneo hilo ambako, mwaka 2004, waliuchagua mwamba wa kupimia mwanzo wa kipindi kizima cha historia ya dunia, wakakiita Ediakara kwa jina la vilima vya huko. Kuna vibao kando ya njia vinavyomweleza msafiri umri wa kila tabaka. Sitasema kwamba miamba ni kitabu. Tashbihi hiyo imechakaa, na mimi kwa siku zile nilikuwa nimepoteza haki ya kujiita msomaji.

Tukirudi kusini, katika uwanda wa Willochra, nilimwomba anipe nafasi ya kuusoma tena mswada wa zamani. Alisema hana. Nakala yake ilibaki kwa mamake, ndani ya sanduku chini ya kitanda, na panya waliutengeneza kiota. Alilisema hilo kwa wepesi, kisha akainua kidole kumjibu dereva wa lori. Sikumwambia papo hapo kwamba nakala niliyopewa na mchapishaji sikuirudisha kamwe. Nilitaka kwanza nihakikishe kwamba bado iko.

Iko. Niliikuta katika kabati la ofisi yangu, chini ya karatasi za mitihani ya mwaka 2011, ukurasa wa kwanza umeingia kutu ya pini. Niliisoma ile sura ya mto nikiwa nimesimama. Penseli yangu imepita kila mahali: "ndefu", "inarudiwa", "tukio liko wapi?" Na pembeni mwa aya ya mwanamke anayesikiliza mchanga kwa kiganja kabla ya kuchimba, nimeandika "ya nini?" na kuipiga mistari miwili. Nilichukua kifutio, nikafuta maneno mawili matatu, kisha nikaacha. Nilitoa kivuli kwa ajili yangu, nikautuma mswada wenyewe Adelaide kama ulivyo, pamoja na barua fupi inayosema umekaa wapi miaka yote hiyo.

Jibu lilikuja baada ya majuma matano, nalo ni hili lote: "Umefika, Daktari. Huku panya si wengi. Kuna mchwa."